Mkwe Aliyeziba Nafasi za Baraza Langu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la kahawa. Nilikuwa kijana mwenye posa, sina hata unywele mmoja mweupe, na asubuhi hiyo nusura nimkose Tabitha. Ndiye huyo mama yenu unayemsikia uani akigombana na kuku. Mwache agombane nao. Kelele hizo ndizo zinazonituliza.

Ninyi wa siku hizi mnaposana kwa simu, na mkikosana mnafutana kwa kidole. Sisi hatukuwa na kufutana. Ukikosana na baba wa binti, umekosana na ufukwe mzima, kuanzia wavuvi mpaka wanawake wanaoanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na njia ya kurudi kwenu milimani unaiona ndefu kuliko ilivyo. Kwa hiyo ninapokwambia nilikuwa naogopa, usicheke. Au cheka, lakini sikiliza.

Miaka ile soko lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Kahawa yetu ya kule Matiri milimani, ambayo tangu nipate akili ilikuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori. Madukani Mbinga viliingia vitu ambavyo hata muuzaji hakujua vinafanya kazi gani. Ndipo Bwana Athumani, mfanyabiashara wa Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa, ambaye babu zake walitoka Kilwa, alipoleta mbao ambazo hazikuwa mbao. Zilikuwa unga wa mbao na plastiki, vimeyeyushwa pamoja na kukandamizwa, rangi ya kahawia, ndefu, nzito. Zilibaki kwenye hoteli iliyokuwa ikijengwa huko pwani, naye akazichukua kwa sababu aliambiwa mchwa hawazigusi. Watu walizigonga kwa kucha wakacheka. Bwana Athumani hakujali. Alitaka baraza la kuelekea ziwa mbele ya nyumba yake ya wageni, watu wakae wanywe chai na kula samaki mbasa wa kuchoma, na fundi aliyemchagua nilikuwa mimi.

Mimi nilifundishwa useremala na mzee aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu. Mzee yule alikuwa na kanuni moja, kwamba kiungo kikipitisha uzi, vunja uanze upya. Nikakua nikijua kwamba nafasi kati ya mbao na mbao ni aibu ya fundi, na mtu mwenye aibu hiyo aende akalime. Basi niambie, ungenipa mimi mbao za namna hiyo ungetarajia nini?

Mbao zilipofika Mbinga zilishushwa kwanza ghalani. Unaijua baridi ya Mbinga mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni na ukisema neno unaliona linatoka. Nikakata fimbo, nikapima ubao mmoja kwa fimbo hiyo, sawa kwa sawa. Tukazipakia, tukateremka nazo ziwani. Joto lilipoanza kushika, siku moja mchana nikatoa ile fimbo nihakikishe. Ubao umeizidi fimbo. Nikailaumu fimbo. Nikasema imekauka, imesinyaa, fimbo gani hii. Nikaitupa.

Lakini Bwana Athumani alikuwa ameambiwa neno na wale waliomuuzia, akalileta kama mzaha, kwamba eti mbao hizi zinakua. Yeye mwenyewe hakuliamini sana. Mimi nikaamua kulijaribu. Nikasimika mawe mawili ardhini, nikaweka ubao katikati asubuhi kukiwa na ubaridi, ukaingia bila kugusa huku wala huku. Mchana nikarudi kuutoa. Ukagoma. Ulikuwa umejikaza kati ya mawe, na jua lilipozidi ukaanza kuinua mgongo. Jioni upepo wa ziwa ulipopoza mchanga, nikaugusa kwa kidole tu ukalegea.

Hapo nikaelewa. Mninga ukilowa hutanuka kwa upana, hilo kila seremala analijua. Hizi mbao ngeni zinarefuka kwa jua na kurudi kwa baridi, kila siku iendayo kwa Mungu, na hakuna skrubu ya kuzizuia. Ukizinyima mahali pa kwenda zitakwenda juu. Basi nikalijenga lile baraza kinyume na nilivyofundishwa. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa nyumba, upande wa pili ukingo wa saruji, na kila ubao nikauachia nafasi ya unene wa kidole kidogo huku na huku. Kila nilipoacha nafasi nilisikia sauti ya yule mzee wa mabenchi ikinisuta. Nikaendelea kuacha.

Sasa nije kwa Tabitha. Baba yake alikuwa Mzee Elia, muunda mitumbwi na mashua, ambaye karakana yake ilikuwa ufukweni pale pale, hatua chache kutoka kwa Bwana Athumani. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na ufukweni kwetu vingi vilivyoelea aliviunda yeye. Hakuwa mtu wa maneno. Mashua yake haikuwahi kuvuja, na yeye hakuwahi kujisifu, ila ukipita na chombo chenye kiungo kibaya alikuwa akikitazama mpaka mwenyewe unaona haya. Binti yake nilimwona siku ya kwanza nilipokuja kupima baraza. Alikuwa akigeuza usipa kwenye kichanja, akaniuliza kama watu wa milimani tunajua kuogelea. Nikasema tunajua. Uongo mtupu. Akajua ni uongo, akacheka, na mimi nikamalizika.

Nikapeleka posa kwa njia yake. Mshenga wangu alikuwa baba yangu mdogo Damiani, mtu mwema, mkulima wa kahawa, ila mwenye ulimi usiojua njia ya mkato. Na kwa desturi waliyoishika wazee wa pande zote mbili, tangu posa ipokelewe mpaka jibu litoke, mimi sikuruhusiwa kusema na Mzee Elia uso kwa uso. Nikimwona njiani napisha, natazama chini. Nikiwa na neno, linapita kwa mshenga. Kuvunja hilo ni kusema kwamba hukulelewa. Kwa hiyo tulifanya kazi majirani, yeye akichonga mashua na mimi nikipiga skrubu, na tulipishana kama watu wasiojuana. Nilijua ananitazama mikono. Kila baba wa binti hutazama mikono.

Siku ya jibu ilipokaribia nikapanda Mbinga kuongeza skrubu na kumchukua baba mdogo. Tukarudi na gari la alfajiri. Barabara ile enzi hizo ilikutikisa mpaka meno, na tuliposhuka Mbamba Bay jua lilikuwa limeshapanda, jua lile la kabla ya mvua ambalo halina salamu.

Wavuvi waliponiona wakaanza kutabasamu. Mmoja akaniambia nina bahati, mkwe wangu amenisaidia kazi. Sikuelewa. Nikaenda barazani.

Nafasi zote zilikuwa zimezibwa. Zote, mwanangu. Mzee Elia alikuja na mapambazuko, na nyundo yake na vibanzi vya mninga alivyovichonga mwenyewe, akavipigilia kila mwanya, kisha juu yake akatia kalafati kama anavyotia kwenye mashua, pamba iliyolowekwa lami, imeshindiliwa na kulainishwa kwa kidole. Ilikuwa kazi nzuri ajabu. Huwezi kuona mahali alipoanza wala alipoishia. Bwana Athumani alikuwa ameenda kuswali, akapitia dukani, na aliporudi alikuta mzee anafuta zana zake. Alipoulizwa anafanya nini, Mzee Elia alijibu neno moja tu, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akaondoka. Bwana Athumani akaniambia hayo huku anachekelea. Yeye aliona limependeza.

Mimi nilitaka kukaa chini. Nikainama nikagusa ubao, tayari una joto. Nikavitazama vile vibanzi, mninga mkavu, vimekaa kama vimezaliwa pale. Nilijua saa sita haitafika kabla mbao hazijaanza kuinuka. Zitang'oa skrubu, zitapinda, na mbao zenyewe hazina nyingine nchi nzima.

Sikiliza sasa nilivyobanwa. Nikizing'oa kalafati kwa mkono wangu bila neno, nimemwambia Mzee Elia mbele ya ufukwe wote kwamba kazi ya mikono yake ni takataka, tena siku hiyo hiyo anayotakiwa kunijibu. Nikiziacha, baraza litainuka, watu watakuja kutazama, na kila mmoja anajua nani aliziba. Mzee ambaye hajawahi kuvujisha mashua atachekwa kwa ajili yangu. Hakuna baba anayempa binti mtu aliyemfanya achekwe. Na kumwendea mwenyewe nikamweleza ndiko hasa nilikokatazwa. Huku moto, huku maji, na katikati ni Tabitha.

Nikamshika baba mdogo Damiani mkono, nikamweleza upesi upesi. Nikamwomba, baba, nenda sasa hivi, jibu la posa liache, sema hili la mbao kwanza. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye ni mtu mzima. Akaweka vizuri kofia yake, akaenda.

Mungu amrehemu baba yangu mdogo. Kupitia uzio wa matete nilimwona amekaribishwa kiti. Alianza na salamu. Akauliza hali ya nyumba, ya ziwa, ya samaki. Akaeleza barabara, kona kwa kona. Akaingia kwenye mvua, kwamba kule Mpepai zimechelewa. Kisha nikamsikia anaanza kahawa. Mwanangu, Mmatengo wa milimani kwetu akianza kahawa, chukua mkeka ulale. Akatoka kwenye bei ya ushirika akaingia kwenye bei ya wale wa malori, nani anapunja kwenye mizani, nani hapunji. Mzee Elia anaitikia kwa kichwa. Na kivuli cha ukuta barazani kinazidi kurudi nyuma.

Sikuweza kusimama tu. Nikachukua ndoo ya Bwana Athumani, nikakimbilia ziwani, nikachota, nikaja nikamwaga juu ya mbao. Nilikumbuka vile ubao ulivyolegea jioni kwa baridi, nikasema nikizipoza nitapata muda. Nikarudi tena. Nikamwaga. Maji yalikuwa yanakauka mbele ya macho yangu. Katikati ya mbio hizo nikakumbuka kwamba mninga ukinywa maji unavimba, na vibanzi ni vya mninga, kwa hiyo naponya huku naumiza. Nikabaki nimesimama na ndoo. Halafu nikaendelea kumwaga, maana ungefanyaje? Nikamwaga katikati ya mbao tu, nikizikwepa ncha. Jasho linaingia machoni. Bwana Athumani alinitazama akaamua kwamba milima imenidhuru akili, akarudi dukani.

Kwenye kichanja cha usipa alikuwepo Bibi Raheli, mama yake Mzee Elia. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuona kila kitu. Sasa, bibi ni bibi. Kwa baba wa binti nilikuwa sina mdomo, lakini kwa bibi yake Tabitha nilikuwa mume. Ndivyo utani ulivyo. Tangu siku posa ilipopokelewa alikuwa ananiita mume wangu, ananidai kanga, ananiuliza lini nitamwacha huyo mke mdogo. Akaja taratibu na fimbo yake mpaka ukingoni.

"Mume wangu," akasema, "unazimwagilia mbao ili ziote?"

Mwanangu, nilikuwa karibu kulia na nikacheka. Na kule kucheka ndiko kulikonifungua akili. Huyu hapa. Huyu naruhusiwa kusema naye neno lolote duniani, na yeye anaruhusiwa kusema neno lolote kwa Mzee Elia, maana alimzaa. Nikatua ndoo, nikamwamkia kwanza, ingawa nilikuwa na haraka. Halafu nikamweleza yote. Kwamba mbao hizi zikipata jua zinarefuka, kwamba niliziachia nafasi kwa makusudi, kwamba mwanawe ameziziba kwa wema, na kwamba ikifika adhuhuri atachekwa na mimi nitafukuzwa.

Hakuniuliza mara mbili. Alipiga goti moja kwa taabu, akaweka kiganja juu ya ubao mkavu, akakiondoa haraka. Akatazama katikati ya baraza, ambapo ubao mmoja ulikuwa umeshaanza kunyanyuka kidogo, kidogo tu, kama godoro mtoto akigeuka. Akanyanyuka. Akaenda kwa mwanawe kwa mwendo ambao sikujua anao.

Baba mdogo alikuwa bado kwenye kahawa. Bibi Raheli hakukaa. Nilimsikia kutoka pale niliposimama.

"Elia, shika patasi yako uje. Umemziba kijana wa watu pumzi."

Tena akaongeza neno la Kinyasa ambalo sitalitafsiri, la mama kwa mtoto wake.

Mzee Elia akainuka. Alikuja moja kwa moja, patasi mkononi, pekupeku kama alivyozoea, na akapanda barazani upande ambao sikuwa nimemwagia maji. Mtu aliyekanyaga mchanga wa ziwa maisha yake yote, aliruka. Mbao za kawaida hazichomi vile. Bibi Raheli akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Mimi nikatazama chini, nikabana meno, maana kucheka mbele ya mkwe nako kungeniua.

Akarudi kwenye sehemu iliyolowa, akachutama mbele ya ule ubao ulionyanyuka. Akaushika. Akausukuma, ukagoma. Akatazama ncha ya huku, akatazama ncha ya kule, na nilimwona anaelewa. Hakuhitaji maelezo. Mtu wa mbao ni mtu wa mbao. Akatia patasi, akang'oa lami na pamba, akachokonoa kibanzi kikatoka, na ubao ukashuka ukalala mahali pake. Kisha akahamia wa pili. Mimi nikachukua patasi yangu nikaanza mwisho wa upande mwingine, na tukawa tunang'oa tukielekeana, bila kutazamana, Bibi Raheli kasimama katikati na fimbo yake kama mwamuzi.

Tulipokaribiana, karibu hata tungeweza kugusana mabega, ndipo aliposema, macho yake kwenye patasi.

"Mama, muulize huyo kijana kwa nini hakuja kuniambia mwenyewe."

Bibi akanigeukia, ingawa nilisikia kila neno.

"Bibi," nikasema, "mwambie nilikuwa namheshimu."

"Mwambie mtu anayeniona naingia shimoni akanyamaza, huyo hajaniheshimu. Ameogopa."

Lilinichoma kuliko mbao. Na lilikuwa kweli. Nikaendelea kuchokonoa, na moyoni nikasema basi, limekwisha, narudi Matiri. Yeye akang'oa kibanzi kingine, akakigeuza geuza, akakifuta lami kwa kidole gumba. Na sauti yake ikashuka.

"Mwambie tena. Niliona nyufa nikajua watu wa hapa watamcheka, watasema mtu wa milimani hajui kuunganisha. Mimi sitaki mume wa Tabitha achekwe."

Patasi yangu ikasimama. Bibi Raheli hakunigeukia safari hii. Alimgeukia mwanawe.

"Elia, umesema mume wa nani?"

Mzee Elia akaona kilichomtoka. Akakohoa. Akakwangua lami mahali ambapo hapakuwa na lami. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, mwanangu, na mtu mweusi kama yule si rahisi kumwona masikio yakibadilika rangi.

"Nilikuwa nimeshakubali," akasema, tena akasema nami, si na mama yake. "Tangu ulipoanza kuweka boriti."

Nilikaa chini hapo hapo kwenye maji. Najua mwanaume hatakiwi kusema hivi, lakini nakwambia wewe, machozi yalinitoka, nami nikajifanya ni jasho, na nadhani hakuna aliyedanganyika. Bibi Raheli alipiga kigelegele kimoja kikavu, na kutoka nyuma ya jiko la kwao kikajibiwa na kingine, chembamba, ambacho kilikatika ghafla kama mtu amezibwa mdomo na shangazi. Hapo nikajua Tabitha alikuwa anasikiliza muda wote.

Aliyekasirika alikuwa baba mdogo Damiani peke yake. Alikuja anahema, kofia mkononi, akauliza jibu la posa linatokaje bila mshenga. Alisema tumemvunjia kazi, na kwamba alikuwa amebakiza maneno machache tu afike kwenye shabaha. Mzee Elia akamshika mkono, akamrudisha kitini, akamwambia aanze upya na jibu atapewa yeye rasmi. Na kweli akaanza upya. Kuanzia barabara. Mimi nilimalizia kung'oa vibanzi vilivyobaki huku nasikiliza bei ya kahawa, na sijawahi kuisikia tamu namna ile. Adhuhuri ilipofika mbao zikarefuka zilivyotaka, nafasi zikapungua mpaka zikawa nyembamba, na hakuna ubao ulioinuka. Jioni wazee walikunywa chai juu yake. Mzee Elia alikuwa anainama kila mara kutazama nyufa zilivyoanza kurudi, anatikisa kichwa, anatabasamu peke yake.

Tabitha aliniuliza neno moja tu tulipooana. Kwa nini sikumwendea Bibi tangu mwanzo, kabla sijamtuma mtu wa kahawa? Jibu nimelipata polepole kwa kuishi.

Nililiona agizo la wazee upande mmoja tu. Niliona wanakataza kijana kusema na mkwe, nikadhani wameniziba mdomo. Kumbe wazee hao hao, walipoweka haya kati ya mkwe na mkwe, waliacha utani kati ya bibi na mjukuu. Walijua watu wana joto. Walijua itakuja siku neno litahitaji kupita, na wakaacha mahali pa kupitia. Sisi vijana ndio tuliosahau mlango ulipo, halafu tukalalamika kwamba nyumba haina mlango.

Basi hilo ndilo neno langu, mwanangu. Utaishi na wakubwa wengi, wa damu na wa ndoa, na wa kazini pia. Wengi wao watakuja kwenye kazi yako mapema, kabla hujaamka, waiharibu kwa kukupenda. Mama mkwe atakupangia chumba. Shemeji atakulimia shamba vibaya. Usikimbilie kukasirika. Tazama kwanza kazi ilivyofanywa. Anayekuhujumu hafuti lami kwa kidole mpaka ilainike. Lakini pia usinyamaze ukisema unaheshimu, huku jua linapanda. Kimya cha namna hiyo kinamwacha mtu mzima aaibike mbele za watu, na aibu hiyo mtaibeba wote. Kama mdomo wako hauruhusiwi kufika, mtafute anayeruhusiwa. Yupo. Ni bibi, ni mtani, ni shangazi mwenye maneno makali. Mwamkie kwanza, halafu mweleze yote bila kuficha. Na ukipata mshenga, pata asiyelima kahawa.

Nenda sasa, mwanangu, Mungu akutangulie. Akupe wakwe wa kuamka na mapambazuko kwa ajili yako, na akupe ulimi wa kuwashukuru kabla ya kuwarekebisha.